Cheti cha Wiki Nane na Mgonjwa wa Presha

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni binti wa miaka 24, nafundisha mazoezi katika jimu moja hapa Njiro, Arusha. Nilimaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB. Baadhi ya wateja wangu wana kisukari au presha na wameambiwa na madaktari wao wafanye mazoezi. Nimeona mtandaoni kozi ya wiki nane inayotoa cheti cha fiziolojia ya mazoezi tiba, na ada yake naimudu. Je, kuna haja ya kukaa chuo kikuu miaka minne kusomea fani hii wakati kazi yenyewe tayari naifanya? Na kama haja ipo, nisome wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba, binti yangu. Haja ipo, na mahali pa kusoma nitakutajia. Kwanza, hata hivyo, niruhusu nisimame kwenye maneno yako kwamba kazi yenyewe tayari unaifanya, kwa sababu nayasikia mara kwa mara kutoka kwa walimu wa mazoezi wa Arusha na wa hapa Moshi, na hakuna maneno yanayonikosesha raha kama hayo. Unachokifanya ni kufundisha mazoezi, na sina sababu ya kudhani kwamba unakifanya vibaya. Mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi tiba ana kazi nyingine. Yeye huamua kama mgonjwa huyu, leo hii, akiwa na sukari hii, presha hii na dawa alizomeza asubuhi, afanye mazoezi au arudi nyumbani. Akifanya, afanye kwa kiasi gani. Na ni dalili ipi itakayolazimu asimamishwe hapo hapo.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 60 anayetumia atenololi, dawa ya presha na moyo. Kozi fupi hupenda sana kanuni ya kutoa umri kwenye 220 ili kupata kilele cha mapigo ya moyo, kisha kumpeleka mteja kwenye asilimia fulani ya kilele hicho. Kwa mzee huyu kanuni inatoa 160, na asilimia 80 yake ni 128. Lakini atenololi huuzuia moyo usiongeze kasi kama ambavyo ungeongeza bila dawa, hivyo mzee anaweza kuwa amefika mwisho wa nguvu zake, midomo imekauka, sentensi moja anaikata mara tatu ili avute pumzi, na saa ya mkononi bado inaonyesha 105. Mwalimu aliyefundishwa kanuni pasipo kufundishwa dawa ataitazama saa hiyo na kumwambia aongeze mwendo. Hata kwa mtu asiyetumia dawa yoyote, kilele halisi hutofautiana kwa kawaida na kile cha kanuni kwa mapigo 10 au 12, na kwa baadhi ya watu kwa zaidi ya hapo. Ndiyo maana chuoni mwanafunzi hufundishwa pia kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden, chenye namba kuanzia 6 hadi 20, ambacho mgonjwa hukitumia kutaja mwenyewe ugumu anaousikia, na kufundishwa kuilinganisha namba hiyo na uso na pumzi anazoziona mbele yake.

Kisukari kinanitia hofu zaidi. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, na hapo ndipo ilipo faida kubwa ya mazoezi kwa mgonjwa wa kisukari. Hapo hapo ndipo ilipo hatari yake kwa anayejidunga insulini au anayemeza glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, kwa kuwa dawa inashusha sukari na msuli nao unaishusha, hadi inaweza kushuka kupita kiasi. Anayetumia metfomini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake ni nadra kufikwa na hali hiyo, kwa hiyo haitoshi kujua kwamba mteja ana kisukari. Ni lazima ujue kwa jina ni dawa gani anaitumia na ameitumia saa ngapi. Kwa wenye insulini au glibenklamaidi, sukari ikiwa chini ya 90 kabla ya kuanza kwa mashine zinazosoma kwa miligramu, yaani 5.0 kwa zinazosoma kwa milimoli, mgonjwa ale kwanza chakula cha wanga. Ikizidi 250, yaani 13.9, hasa kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ketoni, yaani asidi ambazo mwili huzitengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, zipimwe kabla ya kitu kingine chochote. Tena kushuka kwenyewe kunaweza kuja saa nyingi baadaye, usiku akiwa amelala, wakati mwalimu wake wa mazoezi amekwisha kumsifu kwa kazi nzuri.

Bado sijagusa miguu iliyokufa ganzi, ambayo inaweza kuchubuka ndani ya raba bila mwenyewe kuhisi, wala macho yenye mishipa iliyokwisha kuharibiwa na kisukari, ambayo hayapaswi kupewa mzigo wa kubana pumzi. Mwaka 1985 watafiti nchini Kanada walipima presha moja kwa moja ndani ya mshipa wa mkono wa vijana wenye afya waliokuwa wakisukuma vyuma vizito kwa miguu hadi nguvu zinaisha. Wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja wao alipita 480 kwa 350. Kijana mwenye mishipa mizima aliyapita hayo salama. Sisemi kwamba mgonjwa asinyanyue kitu, maana uzito wa wastani unaoinuliwa huku mtu anapumua unamfaa sana. Nasema kwamba anayempangia uzito huo anapaswa kujua kwa nini neno «pumua» si la kutia moyo tu.

Wauzaji wa kozi hizi na wa tiba za mkato hujikinga kwa msemo kwamba mazoezi ni dawa. Msemo ni wa kweli, na ushahidi wake ni wa muda mrefu. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo kutoka mabasi ya ghorofa ya London, yaliyoonyesha kwamba makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo mara chache kuliko madereva waliokaa kitini. Lakini kama ni dawa, basi ina dozi, ina madhara na ina watu wasioruhusiwa kuitumia, na mtu anayeikubali sentensi hiyo katika tangazo lake hana haki ya kuyakataa hayo mengine.

Shahada inakupa nini, basi? Kemia na fizikia ulizozisoma kidato cha sita hutazitupa: utazihitaji kuelewa jinsi seli inavyotengeneza nishati, jinsi hewa inayotoka mdomoni inavyopimwa ili kujua kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, na jinsi umeme wa moyo unavyosomwa kwenye karatasi. Juu ya hapo kuna anatomia, magonjwa, dawa, na saa nyingi za kusimama kando ya wagonjwa chini ya uangalizi. Sehemu hii ya mwisho haifundishiki kwa video. Kupima presha ya mtu aliyeketi ni jambo la mchana mmoja. Kuipima ya mtu anayetembea kwenye mashine iliyoinuliwa ni ufundi mwingine kabisa: mkono wake unataka kushika chuma cha pembeni, mpira wa stetoskopu unagonga nguo, mashine inaunguruma, na wewe unatafuta mlio dhaifu wa mshipa kabla hatua inayofuata ya kipimo haijaanza, maana mwendo na mwinuko huongezwa kila baada ya dakika tatu. Na namba ikishuka wakati mlima unaongezeka, kutoka 160 hadi 140 kwa mfano, huku mgonjwa akikuhakikishia kwamba yuko salama, unapaswa kuipima upya mara moja. Ikithibitika, na hasa ikiandamana na maumivu ya kifua au mabadiliko kwenye mstari wa umeme wa moyo, unasimamisha kipimo bila kubishana naye.

Nchi zilizoisimamia fani hii zimeliona hilo. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, ambacho hasa ni chama cha wataalamu na kinajulikana kwa kifupi chake ACSM, hakimruhusu mtu kukalia mtihani wake wa fiziolojia ya mazoezi tiba hadi awe na saa 600 za vitendo kama ana shahada ya uzamili ya fani hiyo, au saa 1,200 kama ana shahada ya kwanza ya sayansi ya mazoezi. Linganisha na wiki nane za kutazama skrini.

Kuhusu mahali, kwa aliyeko Arusha njia iliyo karibu zaidi ni shahada ya fiziotherapia katika Chuo Kikuu cha KCMC hapa Moshi, ambayo inakuingiza wodini na kukupa msingi wa kujenga utaalamu wa mazoezi tiba baadaye kwa shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, nayo inafaa kama msingi, ingawa upande wa hospitali utalazimika kuutafuta kwingine. Ukiweza kwenda nje ya nchi, Afrika Kusini wana biokinetiki, yaani tiba kwa njia ya mazoezi, shahada ya kitaaluma ya miaka minne ambayo wahitimu wake husajiliwa na baraza la wataalamu wa afya la nchi hiyo, na binafsi ningekushauri uitazame hiyo kwanza. Kabla ya kulipa chochote kwa chuo cha nje, uliza TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama tuzo yake itatambuliwa hapa, na uliza baraza la nchi husika kama linawasajili wahitimu wa chuo hicho. Anayekuuzia cheti hawezi kuwa ndiye anayekuthibitishia thamani yake.

Kwa sasa, wateja ulionao wenye magonjwa wakuletee barua ya daktari yenye orodha ya dawa zao, mashine ya kupimia sukari na ya presha ziwepo ukumbini na zitumike kabla ya kuanza, na anayeanza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchelewa kujibu usimwache akae pembeni peke yake: apimwe sukari na apewe kitu cha sukari papo hapo. Presha ya mapumziko ikizidi 200 kwa namba ya juu au 110 kwa namba ya chini, siku hiyo mteja hafanyi mazoezi, anakwenda hospitali.

Na kwa kuwa majibu haya husomwa na wengi, nawageukia wagonjwa wenyewe. Wapo watu katika miji yetu hii miwili wanaojiita madaktari wa mazoezi, wanaowavisha watu nailoni ili watoke jasho na kuwaambia kwamba hayo ni mafuta yanayeyuka, wakati ni maji na chumvi ambavyo mwili utavidai tena jioni hiyo hiyo. Hao nawasamehe kwa urahisi kuliko wale wanaouza unga wa kusafisha mwili na kumwahidi mgonjwa kwamba baada ya mwezi mmoja wa mazoezi ataacha dawa. Mazoezi yanaweza kweli kumfanya daktari apunguze dozi, lakini anayepunguza ni daktari, akiwa na vipimo mkononi. Atenololi ikikatishwa ghafla, moyo unaweza kurudi kwa kasi, kifua kikabana, na mwenye mishipa iliyoziba akapata shambulio la moyo katika siku zinazofuata. Insulini ikikatishwa kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, hatari haingoji hata wiki. Aliyekwisha kuacha dawa kwa ushauri wa namna hii asisubiri tarehe yake ya kliniki: aende leo, aseme wazi ni dawa gani aliacha na tangu lini, na asirudie dozi ya zamani kwa kukisia kabla hajapimwa.