Kwa mnaoanza kwenye benchi la choo

Wengi mnaokuja maabara zetu za Kisumu kwa mafunzo ya vitendo mnafika na jedwali kichwani. Shigella, bakteria wa kuhara damu: laktosi (sukari ya maziwa) hachachushi, mwendo hapana, gesi hapana, lisini (asidi amino) havunji. Nami nilikariri vivyo hivyo, na mwezi wa kwanza nikaaibika. Ilikuja sampuli ya mtoto kutoka Nyalenda, choo chenye makamasi na damu. Asubuhi nikatoa kwenye inkubeta sahani ya MacConkey, ya kuoteshea bakteria, ambamo wanaochachusha laktosi huwa waridi; nikaona imejaa waridi, nikaandika "bakteria wa kawaida". Mkubwa wangu akaielekeza dirishani, akauliza, "Na hivi vidoa vitatu pembeni?" Vilikuwa vimepauka, kama vya Shigella.

Kilichonisaidia baadaye ni kujua hizo "hapana" zilitoka wapi. Kiyoshi Shiga alimtambua bakteria huyu Japani, wakati wa mlipuko wa kuhara damu wa 1897, naye bakteria akaja kuitwa Shigella, kama kiumbe tofauti na E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo. Jeni zikaja kuonyesha kwamba ni E. coli yule yule! Tena hakutoka ukoo mmoja: koo kadhaa za E. coli, kila moja kivyake, zilipokea plazimidi kubwa (kipande cha DNA kinachohama kati ya bakteria) yenye zana za kuingia ndani ya chembe za utumbo.

Akishaingia ndani, mkia wa kuogelea humletea hasara, kwa kuwa kinga ya mwili huutambua. Lisini nayo, E. coli akiivunja hutoa kadaverini, kemikali ambayo hudhoofisha sumu ya Shigella. Waliopoteza jeni ya kuvunja lisini ndio walioshamiri. Jedwali lenu, basi, ni orodha ya vitu alivyotupa njiani.

Ndiyo maana wengine hukataa kukaa kwenye jedwali. Shigella sonnei huchachusha laktosi, ila kwa kuchelewa, siku mbili au zaidi. Wapo pia E. coli wasio na mkia wala wasiochachusha laktosi, wanaosababisha kuhara damu kama Shigella. Kwangu mimi hao wako safarini kuelekea kuwa Shigella, na sioni aibu kuandika "haijabainika" hadi vipimo vya jeni virudi.

Kipindupindu kina hadithi yake: jeni ya sumu ililetwa na virusi wanaoshambulia bakteria, na si kila bakteria wa jamii hiyo anayo. Kwa hiyo kidoa cha njano kwenye TCBS (sahani ya kuoteshea bakteria wa kipindupindu na jamaa zake) kutoka maji ya ziwa hakitoshi kupiga kengele. Fanyeni kwanza kipimo cha O1, kundi la bakteria hao linalosababisha milipuko.

Dawa msizikisie kwa mazoea. Shigella hupokea plazimidi za usugu kutoka kwa E. coli jirani, humo humo tumboni.

Na sampuli isikae. Shigella hufa upesi ndani ya choo, na joto letu mnalijua. Ikiwa inatoka Ahero kwa bodaboda, iwekwe kwenye Cary-Blair, chombo cha kusafirishia sampuli, kabla pikipiki haijawashwa. Mkichota, choteni penye makamasi na damu.