Jibu: waya wa pampu ya ngama (volti 12) kwenye pini ya ESP32

Ndugu yangu uliyeuliza kama waya wa pampu ya ngama (inayotoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti) waweza kuingia moja kwa moja kwenye pini ya ESP32, ile kompyuta ndogo ya kipande kimoja yenye Wi-Fi, ili simu ikujuze boti inapoingiza maji: usiuingize. Pini ile ni ya volti 3.3, hata 5 haivumilii.

Nimeyapitia hapa Lamu, kwenye boti ya ami yangu inayovusha watu Mokowe. Niligawa volti kwa rezista mbili, omu 1000 juu na 390 chini. Kwa hesabu ya 12 ikaja kama 3.4, nikaridhika. Injini ilipowaka, alteneta ikapandisha betri hadi 14.4, pini ikawa inapokea 4. Siku ya tatu ikafa, ikang'ang'ania kwamba pampu inafanya kazi. Ami akatoka nyumbani usiku kwenda kufua maji yasiyokuwepo. Lau ingekufa ikisema ngama kavu, tungeikuta boti chini.

Naamini iliyoiua ni pampu, si alteneta. Swichi ya boya, inayowasha na kuzima pampu kwa kufuata maji, ikikata umeme, koili ya mota hurusha umeme kinyume, kwa kufumba na kufumbua, na unaweza kupita volti za betri mara kadhaa. Mita ya kawaida haiuoni kabisa. Funga dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) ya ampea 3 sambamba na pampu, upande wenye mstari kwenye chanya. Hiyo usiiache hata kidogo.

Kwa ishara yenyewe sasa natumia optokapla PC817. Ndani mna taa ndogo na kipokezi chake, kinachovuka ni mwanga. Chanya ya pampu ipite rezista ya 2.2k (omu 2200) hadi mguu wa 1, mguu wa 2 uende hasi. Kwa volti 12 taa hupata kama miliampea 5, kwa 14.4 hupata 6, zote salama. Sambamba na taa hiyo weka dayodi ndogo ya 1N4148 kinyume, kwani volti za kinyume zikizidi 6 huiunguza. Ng'ambo ya pili, mguu wa 4 kwenye pini, wa 3 kwenye graundi ya ESP32, na rezista ya 10k kutoka pini hadi 3.3. Ukitumia pini 34 hadi 39 usitegemee rezista ya ndani, hazina.

Kwenye programu kumbuka ishara imepinduka: pampu ikifanya kazi, pini husoma 0.