Taa za LED zisipotii taima, usikimbilie kununua balbu

Katika ploti tunayoishi hapa Kasarani, taa za nje ziko mikononi mwangu: za geti, za ngazi na zile za ukuta wa nyuma. Zote ni LED na zote zinaendeshwa na taima, yaani saa inayowasha na kuzima taa kwa wakati uliopangwa. Taa ikiwaka mchana kutwa, au ikipepesa usiku wa manane, majirani hunijia mimi, na mara nyingi anayekuja tayari ameshika balbu mpya mkononi. Pesa hiyo ingengoja. Balbu mara chache huwa ndiyo yenye kosa.

Kagua saa kwanza. Taima za kidijitali nyingi huhesabu saa 24, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu jioni ni 18:30. Anayeandika 12:30 atawasha taa jua likiwa utosini. Hapa Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro dakika kumi hivi mwaka mzima, basi huhitaji taima ya bei inayofuata machweo. Weka 18:30 na 06:30, imetosha. Angalia pia maandishi ya ON, AUTO na OFF: taima nyingi zikitolewa ON na kuwekwa AUTO huendelea kuwasha mpaka saa ya kuzima ifike, na mtu hudhani imeharibika. Stima ikipotea, taima ya kuzungusha husimama na kuchelewa kwa muda uleule. Ya kidijitali ina betri ndogo ndani, na ukiona saa imerudi 00:00 kila stima inaporejea, betri hiyo imechoka.

Sasa tuje kwa lile linalowachanganya watu wengi: taa imezimwa lakini bado ina mwanga hafifu, au inawaka ghafla na kuzimika kila baada ya sekunde kadhaa. Hii hutokea sana taima inapofungwa mahali pa swichi ya ukutani. Kwenye kisanduku cha swichi mara nyingi kuna laivu (waya unaoleta umeme) inayoingia na waya unaokwenda kwenye taa, basi. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, haipo. Taima nayo inahitaji umeme wa kuendesha saa yake, kwa hiyo huupitisha kidogo kidogo kwenye taa yenyewe. Balbu ya zamani ya wati 60 haikuonyesha dalili yoyote. LED ya wati 5 hujaza umeme huo kwenye kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme) iliyo ndani yake, ukifika kiasi taa inawaka ghafla, inazimika, inaanza kujaza tena. Wakati mwingine taa haipitishi umeme wa kutosha na taima yenyewe inakosa nguvu na kupoteza saa.

Kama una balbu moja ya zamani ya waya, ifunge kwenye soketi mojawapo ya saketi hiyohiyo. LED nyingine zikitulia, umepata jibu. Dawa ya kudumu ni kuvuta nyutro hadi kwenye taima na kuweka taima inayoitumia. Isipowezekana, kuna kapasita maalumu inayofungwa sambamba na taa ili ipokee umeme huo mdogo.

Lakini kabla ya hapo, hakikisha fundi hakukatiza nyutro badala ya laivu. Hili nalisisitiza kwa sababu ni la uhai. Taima ikizima nyutro, laivu inabaki kwenye soketi, na anayepanda ngazi kubadilisha balbu anaamini hakuna stima. Zima swichi kuu, na kazi ya kufungua waya mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati.

Tatizo la upande wa pili ni taa kukataa kuzima. Tega sikio saa ya kuzima ikifika. Kioo kimeandika OFF, kumelia “tik” au hakukulia, na taa bado inawaka? Gonga kasha la taima taratibu kwa nje kwa mpini wa plastiki. Taa zikizimika, vidole vya rilei (swichi iliyo ndani ya taima) vilikuwa vimegandana kwa joto. Taima hiyo ibadilishwe, hata kama inaonekana imepona, maana vitagandana tena.

Chanzo chake wengi hawakiamini. LED inatumia umeme kidogo ikishawaka, lakini kapasita zake zinapojaa mara ya kwanza huvuta mkondo mara kumi na hata zaidi ya ule wa kawaida, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Taa kumi zikiwaka pamoja, vidole vya rilei hupata cheche kila jioni. Ile 16A (ampea 16) iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye taima ni ya vitu kama hita. Kiwango cha LED huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni au kwenye karatasi ya ndani, na huwa chini sana.

Kwa hiyo ukifika barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, omba kuonyeshwa maandishi hayo kabla ya kutoa pesa. Muuzaji asipoyapata, jaribu duka linalofuata. Taa zako zikizidi kiwango hicho, nunua na kontakta, swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme: taima iendeshe kontakta, na kontakta ndiyo ibebe mzigo wa taa.