Tapeti Ikinyamaza, Ogopa

Nusu ya ujumbe wa wiki hii ni tapeti tena, yaani ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu: valvu ni mlango wa injini wa kuingizia hewa au kutolea moshi, roka ni mkono unaousukuma. Haya.

*Shikamoo fundi. Pikipiki yangu ilikuwa inalia kichwani kama cherehani. Fundi wa kijiweni akakaza tapeti, ikanyamaza. Sasa ikipata moto nikiizima haiwaki hadi ipoe. Plagi nimebadilisha mara mbili. (Bodaboda, Igoma)*

Marahaba. Plagi umezionea. Fundi wako amekuuzia ukimya. Tapeti ikikazwa mpaka inyamaze, nafasi imekwisha. Injini ikipata moto valvu inarefuka, na ikikosa nafasi haifungi sawasawa kwenye siti yake. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, inavuja, injini haiwaki. Ikipoa, valvu inarudi urefu wake, nawe unadhani imepona. Inayoumia zaidi ni ya kutolea moshi, kwa sababu moto wake huutua kwenye siti; isipogusa siti inaungua ukingo, na hapo tunaongelea kufungua silinda hedi. Nimelisema hili mpaka nimechoka: mlio mdogo wa tapeti ni afya. Hakuna abiria wa Igoma anayechagua pikipiki kwa ukimya wa injini. Mlio mkubwa sawa, ushughulikiwe, ila kabla ya kushika spana chomoa kijiti cha oili. Wengi wenu mnatembea na oili nusu, tena nyeusi kama wanja. Tapeti yako ilegezwe leo, kabla ya tripu ya kwanza.

*Pampu yangu ya bustani ni Honda GX160. Tapeti naweka geji ngapi? Wabeja. (Mkulima, Magu)*

Za zamani ni 0.15 mm kwa valvu ya kuingizia na 0.20 mm kwa ya kutolea moshi. Matoleo mapya yana namba ndogo zaidi, kwa hiyo fungua kitabu chako, usichukue namba ya jirani. Pima injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla hujamwagilia nyanya. Ng'oa plagi, vuta kamba polepole hadi pistoni ifike juu na roka zote mbili ziwe na mchezo. Moja ikibana, hujafika kwenye kompresheni. Zungusha duara zima tena. Geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukifunga nati, pima upya, maana nati ya kufungia hupenda kuondoka na ile ya kurekebishia. Asiyepima mara ya pili hajafanya tapeti.

*Sina geji. Wembe unafaa?*

Wembe una unene wa 0.1 mm hivi. Miwili ni 0.2. Hiyo 0.15 utaipata kwa wembe na nusu? Nunua geji, na kipande cha msumeno usikitaje kabisa mbele yangu.

*Tapeti za Yamaha Enduro ya boti ziko wapi? (Mwaloni, Kirumba)*

Hazipo. Enduro ni injini ya kuchanganya oili na petroli, na hiyo haina tapeti; swali hili nalijibu kila mara. Kama kuna fundi aliyekutoza hela ya kuzirekebisha, mfuate sasa hivi kabla hajavuka kwenda Ukerewe.