Kitambaa juu ya picha ya marehemu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane wa miaka 63, mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Mume wangu alifariki miaka saba iliyopita, eda nilikaa, nikalea wajukuu. Mwaka jana mjukuu alinifungulia Facebook, huko nikakutana na baba mmoja wa Morogoro. Anasema ni mgane, mstaafu wa reli. Tuna miezi mitano sasa. Hunipigia kila usiku baada ya taarifa ya habari, na kabla sijapokea huwa naifunika picha ya marehemu ukutani kwa kitambaa. Mwezi uliopita nilimtumia nauli, shilingi 60,000, aje tuonane. Hakuja, alisema presha ilimpanda. Kamera ya simu yake nayo ni mbovu. Binti yangu alisoma meseji zetu, akamwambia kaka yake, wote wamenijia juu: eti nawaaibisha, na nyumba ya baba yao itaangukia kwa mwanamume mwingine. Nimekosea? Na akija kweli, nivae nini? Nimesahau kusema, nilipotuma ile hela lilitokea jina la mwanamke. Alisema laini ni ya mpwa wake.*

Marahaba, dada yangu, ingawa kwa hiyo 63 mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia. Tusameheane. Ukiandika safu hii unaitwa shangazi hata na waliokutangulia kuliona jua.

Nianze na kitambaa, maana tangu niisome barua yako hakijanitoka. Nakuona unavyonyanyuka kitini simu ikiita, unakivuta, unakining'iniza juu ya fremu, ndipo unasema haloo. Kila usiku kwa miezi mitano! Eda ni miezi minne na siku kumi, wewe umeongeza miaka saba juu yake. Humwibii marehemu chochote. Hata hao wanao wakikuambia mjane hatamani, waulize Bi Khadija alikuwa nani alipotuma posa kwa Mtume. Alikuwa mjane, na yeye ndiye aliyetuma.

Kwa hiyo kupenda hujakosea. Ulipokosea ni kwenye kujificha. Unanong'ona chumbani mlango umefungwa, hakuna shoga wala ndugu anayelijua jina la huyo baba. Tapeli anatafuta mtu wa namna hiyo hasa, kwa sababu mwenye siri akiibiwa hapigi kelele.

Sisemi huyo baba ni tapeli. Nasema humjui, na jambo ulilolisahau mpaka mwisho wa barua ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Jina la mwanamke! Tangu Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, kwa hiyo jina linalotokea unapotuma hela ni la mtu aliyeweka kidole chake. Inawezekana kweli ni mpwa. Wazee wengi wanatumia laini walizosajiliwa na watoto wao kwa sababu vitambulisho vyao vya NIDA vilichelewa. Lakini jamani, mstaafu wa reli, ana presha, kamera mbovu, laini ya mpwa, na nauli kaila! Kimoja ningekimeza. Vyote kwa pamoja vinanikwama kooni.

Fanya hivi. Usitume tena hata senti, iwe ya dawa, ya gesi au ya msiba. Mwambie asajili laini kwa jina lake, kazi yenyewe ni ya dakika chache kwa wakala yeyote. Kamera yake ikiwa mbovu, hata huyo mpwa ana simu. Aiazime dakika tano muonane uso kwa uso kwenye video. Mwenye nia njema atanung'unika kidogo kisha atafanya. Mwenye lake jambo atakasirika, atakuambia humwamini, atanyamaza siku mbili ili umtafute. Usimtafute. Na ikitokea siku akakuambia kuna mzigo wake umezuiwa uwanja wa ndege, ulipie ushuru kwa namba ya mtu fulani, jua mchezo umeisha. Malipo ya serikali yana namba yake maalumu ya kumbukumbu, hayaendi kwenye simu ya mtu binafsi.

Sasa watoto. Binti aliposoma meseji zako alikosa adabu, na umwambie hivyo hivyo, bila kupaza sauti. Halafu mpe kazi. Mpe picha za huyo baba azipitishe moja moja kwenye Google aone kama zimewahi kutumika kwa jina jingine. Vijana hili wanalijua kuliko sisi, na mtu ukimpa upelelezi hapati muda wa kununa.

Kijana wako yeye tatizo lake ni nyumba, hiyo aibu anaitanguliza tu. Je, mirathi iligawanywa? Kama bado, hapo ana hoja, na mmalize hilo kabla ya posa ya mtu yeyote. Wewe fungu lako kama mke mwenye watoto ni thumni, sehemu moja ya nane, na kuolewa tena hakukunyang'anyi. Kilichobaki ni chao na warithi wengine, hakuna bwana mpya atakayekigusa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iko wazi: kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, na cha 68 kinasema mjane yuko huru kuishi anakotaka, abaki bila mume au aolewe na mwanamume amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Msomee. Ruhusa usimwombe, wewe mpe taarifa tu, ikiwezekana siku ambayo umepika kitu anachokipenda.

Akikubali kuja, nauli ni yake. Apande basi Msamvu huko Morogoro, akishuka stendi ya Kange hapo Tanga asije nyumbani kwako, wala asilale kwako. Mkutane mchana kwenye mgahawa wenye watu, hata kule Raskazone, na dada au shoga yako akae meza ya pili anywe soda yake kwa utulivu. Mkipendana mpaka mkafika mbali, mwende wote wawili kituo cha afya mkapime, VVU vikiwemo. Usicheke. Virusi haviulizi mtu amestaafu lini.

Na asipokuja tena, utalia, hilo siwezi kukuzuia. Ila Facebook haitafungwa, na huyo si mgane pekee katika nchi hii.

Umeuliza uvae nini. Gauni lolote ulilowahi kusifiwa, mtandio safi, na viatu unavyoweza kutembea navyo mpaka kituo cha daladala bila kuumia vidole, endapo utaamua kuondoka kabla chai haijafika.