Ramani Mbili za Kinamasi Kimoja: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu ulichouliza ndicho kilichonishughulisha miaka mingi ya kazi yangu. Unasema mkuu wako amekukabidhi ramani mbili za ardhi ya peati nchini, moja iliyochorwa na wapimaji wa zamani waliotembea kwa miguu, nyingine iliyotengenezwa majuzi kwa picha za setilaiti. Hazikubaliani hata juu ya ukubwa wa eneo, na wewe unatakiwa kupendekeza ipi itumike. Ukamalizia kwa kuniuliza: "Mama, niiamini ipi?"

Usiiamini yoyote kabla hujajua kila moja ilitengenezwa ili kujibu swali gani. Najua jibu hili linaonekana la kukwepa, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Peati, kama ujuavyo, ni mabaki ya mimea yaliyorundikana mahali palipojaa maji, ambapo hewa haipenyi na vijidudu vinavyoozesha vinashindwa kumaliza kazi yao. Kwa kawaida hukua kwa milimita moja kwa mwaka au pungufu, kwa hiyo mita moja ya peati ni kazi ya miaka elfu moja au zaidi. Inakadiriwa kufunika kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini imehifadhi kaboni nyingi kuliko miti yote ya misitu ya dunia ikijumlishwa. Waeleze hayo mapema wakubwa watakaosoma ripoti yako, maana wengi wao wakisikia kinamasi huona mahali pabovu panaposubiri kukaushwa.

Sasa turudi kwenye ramani ya zamani. Watu waliolipia upimaji wa peati katika karne iliyopita, hasa huko Ulaya ya kaskazini, walikuwa wakitafuta nishati. Kwao neno "akiba" lilikuwa na maana ya tani za kuchoma: walitaka peati yenye kina cha kutosha kuchimbwa kwa faida, yenye majivu machache, na iliyo karibu na njia ya kuisafirishia. Peati nyembamba ya pembezoni haikuwahusu, wakaiacha nje ya mstari. Hawakukosea, walijibu walichoulizwa. Anayehesabu kaboni leo anauliza jambo jingine kabisa, na kwake ile pembezoni nyembamba ina uzito mkubwa, kwa kuwa ndiyo inayokauka kwanza na ndiyo inayoshika moto kwanza. Ukiona eneo la ramani mpya limepanuka, usikimbilie kusema kwamba peati imegunduliwa au kwamba wazee walizembea. Tafuta kwanza kwenye maelezo ya kila ramani walikubaliana kuita nini peati. Watafiti wa bonde la Kongo walihesabu tabaka la kuanzia sentimita 30 lenye angalau asilimia 65 ya mabaki ya viumbe. Indonesia huanzia sentimita 50. Sogeza kipimo hicho kwa sentimita 20 tu, na maelfu ya hekta yataingia au kutoka kwenye ramani bila kijiko kimoja cha udongo kuhama mahali pake.

Wala usidhani tatizo hili ni la nchi moja. Ramani za Indonesia za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha zaidi ya hekta milioni 20 za peati katika Sumatra, Kalimantan na Papua; ramani ya wizara ya kilimo ya mwaka 2011 ikaonyesha hekta milioni 14.9. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kwamba baadhi ya maeneo, hasa Papua, yalikuwa yamechorwa kwa kukisia kuliko kupimwa. Nchi hiyo ilikuwa imeshaona gharama ya kutoijua peati yake: mradi wa kugeuza hekta milioni moja za Kalimantan ya Kati kuwa mashamba ya mpunga, ulioanza katikati ya miaka ya 1990, ulichimba maelfu ya kilomita za mifereji, sehemu kubwa katika peati nene isiyofaa mpunga, na mwaka 1997 ardhi hiyo iliyokaushwa ikawaka kwa miezi.

Kuhusu ramani mpya, kuna jambo moja ambalo vijana wa siku hizi husahau kwa sababu picha ni nzuri mno. Setilaiti haioni peati. Inaona majani yaliyo juu yake, rada yake inahisi unyevu na maji yaliyo chini ya miti, na leza inayorushwa kutoka kwenye ndege inapima kwa usahihi mkubwa mwinuko wa ardhi, hata ikaonyesha jinsi kinamasi kilivyovimba katikati kama mgongo wa kobe. Kutokana na dalili hizo tunakisia kilicho chini, na ukisiaji huo una thamani kwa kadiri tu ya idadi ya mahali ambapo mtu alifika, akasimama, akachomeka ardhini fimbo ya kupimia kina.

Kongo ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 2017 kundi la Greta Dargie, Simon Lewis, Suspense Ifo na wenzao lilitangaza kwamba katikati ya bonde hilo kuna kilomita za mraba 145,500 za peati zenye kaboni tani bilioni 30 hivi. Waliingia kwa miguu upande wa Kongo-Brazzaville, wakajifunza ni misitu gani ya kinamasi, ya miti migumu na ya miwale, inayokaa juu ya peati, kisha wakaitafuta misitu hiyo kwenye picha za eneo zima. Lakini walikuwa waaminifu wakaandika kwamba kiasi halisi kingeweza kuwa popote kati ya tani bilioni 6.3 na bilioni 46.8. Mwaka 2022, baada ya vipimo vipya kufanywa upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, eneo lilisogea hadi kilomita za mraba 167,600 na kaboni ikawa tani bilioni 29. Uangalie vizuri mpaka wa mashaka: sasa ni kati ya bilioni 26 na 32. Tarakimu ya katikati haikubadilika sana. Kilichonunuliwa kwa matope yote yale ni uhakika, na wizara yako inahitaji uhakika huo kuliko inavyohitaji ramani yenye rangi za kupendeza.

Nikueleze kazi yenyewe inavyokuwa, maana hukuwahi kufuatana nami. Unabeba fimbo za chuma za mita moja moja zinazofungwa kwa skrubu, unasukuma ya kwanza, inaingia kama kisu kwenye siagi, unaongeza ya pili, ya tatu. Mikono ndiyo inayosoma. Ncha ikifika chini kwenye udongo wa mfinyanzi utahisi inanata na kugoma polepole. Ikifika kwenye mchanga utahisi mkwaruzo unaopanda hadi kiganjani. Katika mwaka wangu wa pili nilifika mahali fimbo ikagota ghafla kwenye mita 1.8, nikaandika 1.8, nikaendelea na safari. Jioni mzee mmoja wa kikosi chetu aliniuliza ncha ilitoka na nini. Nikasema haikutoka na kitu. Kesho yake alinirudisha pale pale, akachoma hatua mbili pembeni, fimbo ikaenda hadi mita 4 na zaidi. Nilikuwa nimegota gogo lililozama. Tangu siku hiyo sijaandika kina chochote bila kuandika kilichonata kwenye ncha, na bila kuchoma angalau mara tatu mahali pamoja.

Baada ya fimbo huja kekee, ile yenye chemba ya nusu mviringo ya sentimita 50. Unaishusha imefungwa, unaizungusha nusu mzunguko nayo inakata na kufunika kipande cha peati bila kukivuruga, unaipandisha na kuifungua, na historia ya mahali pale inalala mbele yako, nyekundu ya kahawia juu na nyeusi kadiri unavyoshuka. Hapo unachukua kiasi cha kujaza kiganja na kukikamua. Mwanajiolojia wa Sweden, Lennart von Post, alitengeneza ngazi ya hatua 10 tunayoitumia hadi leo: katika hatua ya 1 yanatoka maji safi na mimea inabaki mkononi ikitambulika, katika hatua ya 10 peati yote inapenya kati ya vidole kama uji na kiganja kinabaki kitupu. Sampuli nyingine zinakwenda maabara, zinakaushwa kwa nyuzi 105, zinapimwa uzito kwa ujazo uliojulikana, kisha zinachomwa kwa nyuzi 550 ili kujua kilichoungua ni kiasi gani na majivu ni kiasi gani.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na ndiyo itakayokuonyesha kwa nini nasisitiza kina. Chukua hekta moja yenye peati ya mita 2. Ujazo wake ni mita za ujazo 20,000. Ikiwa kila mita ya ujazo ina kilo 100 za peati kavu, hizo ni tani 2,000, na karibu nusu yake ni kaboni, yaani tani 1,000. Sasa ukosee kina kwa nusu mita: umepoteza au umezua tani 250 kwa hekta moja, na katika hekta 10,000 ni tani milioni 2.5. Hakuna picha itakayokurekebishia kosa hilo.

Ramani ya zamani ina hatari nyingine: ardhi yenyewe inashuka. Huko Holme, Uingereza, nguzo ya chuma ilisimikwa mwaka 1851 hadi kwenye mfinyanzi, kichwa chake kikiwa sawa na uso wa peati, wakati ziwa la jirani likikaushwa. Leo nguzo hiyo imesimama takriban mita 4 juu ya ardhi. Nguzo haikupanda. Peati ilipokosa maji ilijikunyata, kisha ikaoza na kutoroka hewani kama hewa ukaa. Kwa hiyo popote ambapo mifereji imechimbwa tangu upimaji wa zamani ufanyike, vina vilivyoandikwa ni vya peati ambayo pengine haipo tena.

Ushauri wangu basi ni kwamba usipendekeze ramani moja dhidi ya nyingine. Ziweke moja juu ya nyingine, utenge maeneo zinapokubaliana, na uombe fedha za kwenda kupima kule zinapopishana, ukianzia ukingoni na kuelekea katikati kwa mstari ulionyooka, hata kama mstari huo unapita mahali ambapo hakuna anayependa kupita. Wapimaji wengi, nami nikiwemo, tumechoma mashimo mengi mno karibu na barabara na mito kwa sababu ndipo panapofikika, na ramani zetu zimeegemea huko. Halafu dai madaftari ya uwandani ya ramani ya zamani, siyo ramani tu. Mstari uliochorwa ofisini unaweza kuwa na kasoro, lakini shimo lililopimwa na mtu makini, likiwa na tarehe, kina na kilichonata kwenye ncha, halizeeki, na ukirudi hapo leo utajua pia ni kiasi gani kimepotea.

Usikubali pia ripoti itoke na tarakimu moja isiyo na mpaka wa mashaka. Najua wakubwa hawapendi kuambiwa "kati ya hiki na kile". Lakini kuna nchi ambako mstari wa kina ndio sheria: Indonesia, kwa kanuni ya mwaka 2014, iliamua kwamba peati ya mita 3 au zaidi ilindwe. Mahali kama hapo, mita 2.9 na mita 3.1 zinaamua kama mfereji utachimbwa au hautachimbwa, na aliyechoma fimbo ndiye aliyeamua, ajue asijue.

Madaftari yangu saba yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, yamefungwa kwa nailoni. La tatu ndilo lenye lile gogo. Nililiacha kosa likiwa limekatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke. Ukija yachukue yote, na kabla hujaja niandikie ni wapi hasa ramani zako mbili zinapishana zaidi, ukingoni au katikati.

Mama yako akupendaye