Shahidi aliyeapa kwamba hana shaka: je, alidanganya?

SWALI: Wakili, nafuatilia sana vipindi vya televisheni vinavyosimulia kesi za jinai zilizotokea kweli. Mara nyingi shahidi anamnyooshea mshtakiwa kidole mahakamani na kuapa kwamba hana shaka hata chembe. Mtu anafungwa, halafu baada ya miaka mingi vipimo vya DNA vinamsafisha. Je, shahidi yule alidanganya? Na kwa nini DNA isipimwe katika kila kesi?

JIBU: Mara nyingi hakudanganya. Aliamini kila neno alilotamka, na hapo ndipo sisi mawakili wa utetezi tunapopata taabu. Mwongo unaweza kumbana kwa maswali ya dodoso mpaka ajikanyage. Anayeamini anachosema hajikanyagi.

Chukua kesi ya Ronald Cotton, Burlington, jimbo la North Carolina, Marekani. Mwaka 1984 mwanafunzi wa chuo alibakwa nyumbani kwake. Wakati wote wa unyama ule alijitahidi kukariri sura ya mbakaji ili aje amtambue. Siku chache baadaye polisi wakamwekea picha sita. Alizitazama kwa dakika kadhaa, akaichagua ya Cotton na kusema anadhani ndiye. Anadhani, basi. Akauliza kama amefanya vizuri, akajibiwa kwamba amefanya vizuri sana. Baadaye likafuata gwaride la utambuzi, yaani mshukiwa kupangwa mstarini pamoja na watu wengine ili shahidi achague. Humo akasita kati ya watu wawili, kisha akamtaja Cotton, na polisi wakamwambia huyo ndiye aliyemchagua kwenye picha. Katika gwaride zima, Cotton peke yake ndiye ambaye picha yake ilikuwa miongoni mwa zile sita.

Kesi ilipofika mahakamani Januari 1985, ile "nadhani" ilikwisha kutoweka. Cotton akahukumiwa kifungo cha maisha. Kesi ikasikilizwa upya mwaka 1987, na safari hii Bobby Poole, ambaye ndiye aliyekuwa mbakaji halisi, aliletwa mahakamani. Mwanamke yule akasema hajawahi kumwona. Cotton akatiwa hatiani tena. Mwaka 1995 DNA ikamwonyesha Poole, naye akakiri. Cotton alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka 10.

Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu kosa liko katika yale maneno madogo ya polisi. Kumbukumbu hujengwa upya kila tunapoikumbuka, na sifa ya "umefanya vizuri" huingia humo humo. Mwanasaikolojia Gary Wells na mwenzake walilionyesha hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998. Watu walitazama video ya tukio, kisha wakapewa picha ambazo mhusika hakuwemo, kwa hiyo kila aliyechagua alikosea. Walioambiwa wamempata mshukiwa walidai baadaye kwamba tangu mwanzo walikuwa na uhakika zaidi, na hata kwamba walimwona vizuri zaidi.

Hapa ndipo televisheni inapowapotosha watazamaji. Kidole kinachonyooshwa kizimbani kinapendeza kwenye kamera, lakini kama utambuzi kina thamani ndogo mno: kila mtu mahakamani anajua mshtakiwa ni yule aliyekaa pale. Ushahidi wenye uzito ni maneno ya shahidi mara ya kwanza alipooneshwa sura, kabla mtu yeyote hajampongeza. Mimi nikipewa jalada la kesi ya namna hii, ukurasa wa kwanza ninaoutafuta ni huo. Alisema nini hasa? Alichukua muda gani? Nani alikuwa chumbani, na je, alimjua mshukiwa? Utaratibu salama unataka gwaride lisimamiwe na askari asiyejua mshukiwa ni yupi, shahidi aambiwe kwamba huenda mhalifu hayumo, na kiwango cha uhakika wake kiandikwe papo hapo kwa maneno yake mwenyewe. North Carolina iliufanya kuwa sheria mwaka 2007.

Kuhusu DNA: inasaidia pale tu mhalifu alipoacha damu, mate, shahawa au ngozi, na pale ambapo kitu hicho kinaonyesha nani alitenda kosa. Aliyempora mtu barabarani na kukimbia, au aliyefyatua risasi kutoka ng'ambo ya barabara, huenda asiache chochote cha kupima. Ndiyo maana wengi wa waliosafishwa Marekani tangu mwaka 1989 hawakusafishwa kwa DNA. Baadhi yao walitoka kwa sababu shahidi alikana maneno yake, au ushahidi uliofichwa na upande wa mashtaka ulipatikana, na kazi hiyo huchukua miaka, maana mahakama ya rufaa kwa kawaida haiwasikilizi mashahidi upya. Inapima kama sheria ilifuatwa.

Hata Cotton aliponea chupuchupu. Usiku ule walibakwa wanawake wawili. Sampuli za mmoja zilikuwa zimeharibika kiasi cha kutotoa jibu lolote. Za mwingine zilikuwa bado zinapimika, na ndizo zilizomfungulia mlango.